Waliifichaje redio gerezani Changi?

"Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba raia wa Kizungu waliowekwa kizuizini na Wajapani katika gereza la Changi, Singapore, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wakisikiliza BBC kwa siri, na kwamba watu walikufa kwa ajili hiyo. Mimi ni fundi simu na jambo hili haliniingii akilini. Redio za enzi zile niliiona moja kwa babu: kubwa kama kabati, inataka umeme, inataka antena juu ya paa. Walizificha wapi? Na redio ya kusikiliza tu ina kosa gani hata mtu afe kwa ajili yake?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili. La kwanza ni la fundi na lina jibu la fundi. La pili linatutaka tuingie katika kichwa cha polisi wa kijeshi wa Kijapani mwezi Oktoba 1943, na humo si mahali pa kukaa kwa raha.

Tuanze na kabati la babu. Ungelifungua ungekuta sehemu kubwa ni mbao, hewa na spika. Kabati lilikuwa samani ya sebuleni, la kuwaonyesha wageni kwamba mwenye nyumba amejaliwa. Spika ndiyo mla umeme: ili itingishe hewa ya chumba kizima inahitaji vali za ziada (vali ni chupa ya kioo inayokuza mawimbi, ndiyo transista ya enzi zile) na transfoma nzito kama jiwe la mafiga. Mfungwa hataki chumba kizima kisikie. Anataka sikio moja tu lisikie. Ondoa spika, weka kisikizi cha sikioni kama kile cha simu ya mezani, na mahitaji yanashuka hadi vali moja au mbili, koili ya waya uliozungushiwa kitu cha duara, kapasita ya kutafutia stesheni na rizista chache. Hivyo vyote vinaenea ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Utauliza vali moja itaifikiaje London. Mafundi wa miaka ya 1920 na 1930 walikuwa na ujanja wao, nao waliujua kama wewe unavyojua kubadilisha kioo cha simu. Unachukua sehemu ndogo ya mawimbi yaliyokwisha kuzwa na vali, unayarudisha mwanzoni yakuzwe tena, na tena, na tena. Vali moja inafanya kazi ya vali tatu. Mtaani ukiweka maikrofoni karibu na spika unasikia ule mlio wa kukera; huo ndio mrejesho uliopita kiasi. Fundi mzuri wa redio hizi alikuwa na vidole vya kuufikisha mrejesho ukingoni kabisa, kisha akauacha hapo bila kuuangusha. Akizidisha, redio inaanza kupiga mluzi, na jambo baya zaidi ni kwamba kile chombo cha kupokea huanza chenyewe kurusha mawimbi kidogo hewani. Redio ya jirani ikiwa wazi, itasikia.

Masafa mafupi yana tabia nyingine iliyowasaidia. Yanapanda juu, yanagonga tabaka la anga lenye chembe za umeme, yanarudi chini maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia, na usiku baadhi ya masafa hayo husafiri vizuri zaidi. Matangazo ya London yalifika Asia ya Kusini-Mashariki kwa njia hiyo, na ya Delhi, yaliyokuwa karibu zaidi, yalisikika vyema. Antena juu ya paa si lazima. Mita chache za waya zinatosha, na ni nani atakayeushuku waya ulioanikwa nguo?

Umeme ndio uliokuwa mtihani. Vali haili kama simu yako. Inataka umeme wa aina mbili: mdogo wa kupasha moto waya wake wa ndani, na mkubwa, volti makumi kadhaa au zaidi, wa kuvuta elektroni ndani yake. Penye taa za umeme fundi angeiba kwenye waya wa taa. Gereza la Changi lilikuwa jengo jipya la zege, lilifunguliwa 1936, na lilikuwa na umeme. Pasipo na umeme wa kutegemewa ilibidi watu wawe wabunifu zaidi. Batu Lintang, karibu na Kuching katika kisiwa cha Borneo, kulikuwa na kambi moja kubwa iliyogawanywa kwa uzio: raia upande huu, wanajeshi upande ule. Wanajeshi wa Kiingereza waliunda redio wakaibatiza jina la Bibi Kizee, na umeme ulipowasumbua wakaunda pia jenereta ya kuzungusha kwa mkono. Hebu fikiria mtu mwenye njaa ya miaka miwili anazungusha gurudumu usiku ili mwenzake asikie dakika kumi za habari.

Sasa mahali pa kuficha. Watu wengi hufikiri siri huwekwa chini kabisa, ndani ya shimo. Mashimo yalikuwepo, lakini udongo uliochimbwa jana huonekana leo. Maficho bora ni kitu ambacho mlinzi amekiona mara mia, kwa hiyo hakioni tena. Katika kambi ya wanajeshi ya Changi, jirani na gereza, kulikuwa na redio iliyofichwa ndani ya kichwa cha ufagio. Ufagio unaegemezwa ukutani. Mlinzi anaupita asubuhi, anaupita jioni, huenda hata akamwamuru mtu aushike afagie.

Hayo ndiyo ya fundi. Lakini mwanangu, vali hazioti gerezani. Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Jela iliyojengwa kwa wafungwa wapatao 600 ikapakiwa raia zaidi ya 2,500: majaji, walimu, mameneja wa mashamba ya mpira, wamisionari, manesi, watoto. Wanawake waliingia kwa miguu Machi 1942, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo kumi na nne juani. Wanaume walitengwa na wake zao ndani ya kuta hizohizo. Singapore nayo ikabadilishwa jina ikaitwa Syonan, redio za mjini zikazibwa zisipokee masafa mafupi, na gazeti likabaki lile walilolitaka watawala. Ukitaka vali, au betri, au dawa, au shilingi mbili tatu za kununulia yai, lazima awepo mtu wa nje aliye tayari kuihatarisha shingo yake.

Watu hao walikuwapo. Wagonjwa mahututi wa Changi waliruhusiwa kupelekwa hospitali ya mjini ambayo Wajapani waliiita Miyako. Hapo palikuwa na kantini iliyoendeshwa na mume na mke, Wachina wa Singapore, Choy Khun Heng na Elizabeth Choy. Gari la wagonjwa likija na kurudi, lilibeba barua, pesa, chakula, dawa, na vipande vya redio. Ukiniuliza kipuri gani kilikuwa muhimu kuliko vyote katika redio za Changi, sitakutajia vali wala koili. Nitakutajia hiyo kantini. Vitabu vya Wazungu kwa muda mrefu vilizungumza zaidi juu ya waliokuwa ndani ya kuta kuliko juu ya waliokuwa nje, nami sioni kwamba hilo ni haki: aliye ndani alikuwa mfungwa tayari, aliye nje alikuwa na nyumba na wazazi wa kupoteza.

Jambo hilohilo utaliona kambi nyingine. Weihsien, mkoa wa Shandong, China, walizuiliwa raia wapatao 1,500, wakiwemo watoto wa shule ya bweni waliotenganishwa na wazazi wao. Walinzi wa Kijapani waliwapekua wafanyabiashara na vibarua, ila palikuwa na kundi moja ambalo hakuna mlinzi aliyetaka kulisogelea: matopasi waliokuja kutapisha vyoo. Wawili kati ya wafungwa, Mwingereza Laurance Tipton na Mmarekani Arthur Hummel, waliruka ukuta Juni 1944 wakajiunga na wapiganaji wa Kichina. Tangu hapo ujumbe wao uliingia kambini pamoja na wabeba kinyesi. Hummel baadaye, miaka ya 1980, alirudi China akiwa balozi wa Marekani. Wabeba ndoo wale hawakupata ubalozi.

Si kila ujumbe wa siri ulihitaji karatasi ndogo na giza. Mwaka 1942, gerezani Changi, mwanamke wa Kikanada, Ethel Mulvany, alipendekeza wanawake washone mifarishi ya viraka kwa ajili ya wagonjwa hospitalini. Kila mwanamke alipewa kipande cha kitambaa atarizi jina lake na kitu kinachomhusu yeye. Vipande 66 kwa kila mfarishi. Mmoja uliandikwa kwamba ni zawadi kwa majeruhi wa Kijapani, na hiyo ndiyo iliyolainisha mioyo ya wakuu wa kambi. Mingine miwili, wa Waingereza na wa Waaustralia, ikapelekwa hospitali ya wafungwa wa kivita. Huko kulikuwa na waume ambao hawakujua kama wake zao wako hai. Mtu aliyelala kitandani angeweza kuufunua mfarishi, akasoma majina, akakuta la mkewe. Orodha ya walio hai imepita mbele ya macho ya mlinzi, tena kwa kibali chake, kwa sababu ilionekana ni kazi ya sindano tu. Mifarishi hiyo bado ipo, miwili katika makumbusho ya vita ya Australia na mmoja kwa Msalaba Mwekundu wa Uingereza. Mimi naihesabu kuwa ujumbe wa siri uliosukwa kwa akili kuliko wote ninaoufahamu wa vita ile, ingawa baadhi ya mafundi wenzangu hunicheka wakisema sindano si redio.

Sasa turudi kwenye redio, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Redio inafichika. Habari haifichiki. Tuseme ni Septemba 1943 na wewe ndiwe uliyevaa kisikizi sikioni, ukasikia Italia imejisalimisha. Ukae nayo peke yako? Uliihatarisha roho yako ili watu wasife moyo. Basi unamwambia mmoja, naye anamwambia mmoja, na kufikia kesho saa sita mchana watu elfu tatu wenye utapiamlo wanatembea wima kidogo kuliko jana. Mlinzi si lazima ajue Kiingereza. Anaona nyuso. Kambi ya Santo Tomas, katika chuo kikuu mjini Manila, majeshi ya Marekani yaliposhuka kisiwa cha Leyte Oktoba 1944, mfungwa aliyekuwa akitangaza kwenye vipaza sauti vya kambi alitumbukiza mzaha mmoja akichezea jina la Leyte, ambalo kwa sauti linakaribiana na neno la Kiingereza la kuchelewa, kwamba afadhali Leyte kuliko kutofika kabisa. Waliojua Kiingereza walielewa mara moja kwamba wenzao wanakuja. Ni mzaha mtamu. Mimi ningekuwa kiongozi wa kambi ile ningetokwa jasho.

Sasa swali lako la pili, redio ya kusikiliza ina kosa gani.

Usiku wa kuamkia 27 Septemba 1943, meli saba bandarini Singapore zililipuliwa, nyingine zikazama, nyingine zikaharibika. Waliofanya hivyo walikuwa watu sita katika mitumbwi mitatu ya kukunja, waliobandika mabomu ya sumaku kwenye matumbo ya meli. Walikuwa wamesafirishwa kutoka Australia kwa mashua kuukuu ya uvuvi, ya asili ya Kijapani, iliyoitwa Krait, chini ya ofisa Mwingereza, Ivan Lyon. Wakaondoka kimya, wakarudi Australia salama. Singapore hapakuwa na mtu aliyejua. Wajapani hawakuweza kuamini kwamba adui amesafiri maelfu ya kilomita ndani ya bahari wanayoitawala wao. Kwa hesabu yao, lazima ni watu wa ndani. Na ndani ya gereza la Changi wamekaa majaji, maofisa na wahandisi wa serikali ya Kiingereza iliyoondolewa. Tayari palikuwa na fununu za redio. Wakaunganisha: pana mtambo wa kurusha, pana mkuu wa majasusi, pana pesa, na amri zimetoka humo.

Wewe ni fundi, unaona kosa lao. Kupokea na kurusha ni kazi mbili tofauti. Redio ya vali mbili inayosikiliza Delhi haiwezi kuiambia Australia neno, kama vile sikio haliwezi kusema. Lakini nani atamweleza hivyo mtu mwenye meli saba zilizoungua na wakubwa Tokyo wanaotaka majina?

Asubuhi ya tarehe 10 Oktoba 1943, Kempeitai, yaani polisi wa kijeshi, waliingia Changi. Wafungwa walitolewa nje wakapangwa uani, wakakaa huko karibu siku nzima bila chakula wakati vyumba vinapekuliwa. Walizikuta redio. Wakakuta pia shajara, maandishi ya habari, pesa. Siku hiyo Waingereza huiita kumi mara mbili, kwa kuwa ni ya kumi ya mwezi wa kumi. Watu 57 walichukuliwa na kuteswa, na 15 kati yao walikufa. Waliwekwa katika vyumba vichafu vilivyojaa watu, taa haizimwi usiku kucha, mchana kukaa wima bila kusema, choo kimoja ndani ya chumba na maji ya kunywa yakitoka hapohapo. Mateso yenyewe sitayaeleza. Watoto wadogo nao husoma. Swali lilikuwa moja, siku baada ya siku: mtambo wa kurusha uko wapi? Aliyekiri kuwa alisikiliza habari alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo haikutosha. Hakuna maumivu yatakayokupa jibu la kitu ambacho hakipo.

Miongoni mwao alikuwamo askofu wa Kianglikana wa Singapore, Leonard Wilson. Alipigwa akaachwa nusu mfu. Baada ya vita alimpa kipaimara mmoja wa wale waliokuwa wamemtesa. Alikuwamo pia Dkt. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, ambaye mama yeyote aliyewahi kupeleka mtoto kliniki kwetu Afrika Mashariki amelisikia neno lake bila kumjua mwenyewe. Ndiye aliyeuandikia ulimwengu wa tiba, miaka ya 1930 akiwa Gold Coast (Ghana ya leo), juu ya ugonjwa wa watoto waliokosa protini, akautaja kwa jina la lugha ya Waga, watu wa huko, alilolisikia kwa akina mama: kwashiorkor, sisi tukasema kwashiakoo. Huyo naye alikaa miezi kadhaa mikononi mwa Kempeitai, akitafutwa ujasusi ndani yake.

Choy Khun Heng alikamatwa. Mkewe alikwenda kuulizia, kisha naye akakamatwa. Elizabeth alizuiliwa karibu siku 200, na aliteswa mbele ya mumewe. Alitoka hai, wote wawili walitoka hai, na mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kuingia baraza la kutunga sheria la Singapore. Mahakama ya kijeshi ilikaa Machi na Aprili 1946: washtakiwa 21, wanane wakahukumiwa kifo, akiwemo kiongozi wao, Sumida Haruzo. Ndipo ilipodhihirika wazi kwamba hapakuwa na mtambo wowote Changi, wala uhusiano na zile meli.

Lakini usiondoke ukidhani kila mahali ilikuwa hivyo, kwamba Wajapani walikuwa wakipigana na kivuli. Kambi ya Stanley, Hong Kong, hadithi ni nyingine. Huko wafungwa walikuwa na redio, na zaidi ya redio walikuwa na njia halisi ya kuwasiliana na kikundi cha Kiingereza kilichokuwa China huru chini ya Lindsay Ride, profesa aliyekuwa ametoroka kambi ya wanajeshi. Barua zilipita kwa lori la chakula lililoingia kambini. Kwa sheria ya vita ya watawala wao, huo ulikuwa ujasusi, na wafungwa walijua wanachokifanya. Mtandao ulipovuja, katikati ya 1943, walichukuliwa mmoja mmoja. Tarehe 29 Oktoba 1943 watu 33 waliuawa ufukweni Stanley: Wachina, Wahindi, Waingereza, saba kati yao wakiwa raia wa kambini. Mmoja wao, mwanasheria wa serikali John Fraser, alitunukiwa nishani ya George Cross baada ya kufa, kwa kuwa aliteswa asitaje mtu.

Mwingine wa wale saba, Douglas Waterton, aliyehusika na redio, aliacha ujumbe wake wa mwisho ukutani mwa chumba cha gereza. Alikwangua kalenda, akawa anakata siku, na kando yake akaandika jina lake, siku aliyokamatwa, siku aliyohukumiwa, na tarehe ya kuuawa.

Umesema haikuingii akilini jinsi kitu kikubwa kama kabati kinavyofichika. Basi jaribu mwenyewe. Vali ni shida kupata siku hizi, lakini transista moja, kapasita ya redio mbovu, waya uliozungushiwa kopo la plastiki, betri ya tochi, na mita kumi za waya dirishani vitakupa redio ya mrejesho kwa kazi ya jioni moja. Tumia spika ya sikioni yenye ukinzani mkubwa, siyo hizi za simu, hazitakupa sauti ya maana. Subiri usiku. Geuza mrejesho polepole hadi uanze kusikia mvumo, kisha urudishe nyuma kidogo tu, upana wa ukucha. Na usimwambie mtu wa nyumbani kwako. Uone kama utafikisha siku mbili bila wao kujua.